Likizo ya Juni Burigi: Mama, mtoto na hofu ya wanyama

Kuanzia Januari mwaka 2025, mtoto mmoja wa darasa la tatu huko Ngara mjini aliacha kula mapera. Baadaye akaacha kuingia kwenye banda la mbuzi wa bibi yake. Kufika Machi, paka wa jirani akikatiza uani, mtoto alikuwa anakimbilia ndani na kufunga mlango.

Mama yake, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko, mwanzoni alidhani ni deko. Alipomkalisha chini na kumuuliza taratibu, mtoto alijibu kwa sentensi moja: "Wanyama ndio wanaleta Marburg."

Hakuwa ameitunga. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dk Tedros Ghebreyesus, alitangaza kwamba sampuli ya mgonjwa kutoka mkoani Kagera imethibitika kuwa na virusi vya Marburg. Wilaya iliyokuwa imeguswa ni Biharamulo, jirani kabisa na Ngara. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika Machi 13, hesabu ilikuwa wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane walioaminika kuwa na ugonjwa huo. Wote kumi walifariki.

Kwa wiki hizo watoto wa Ngara walisikia redio, walisikia walimu, na walisikia wazazi wakinong'ona. Waliambiwa wanawe mikono, wasipeane mikono, wasiokote matunda yaliyoliwa na popo. Watu wazima walijua kilichokusudiwa. Mtoto wa miaka tisa alichukua maneno mawili, "wanyama" na "kifo", akayafunga pamoja.

Mlipuko uliisha, lakini hofu ya mtoto haikuisha nao.

Baba hataki, mama anataka

Aprili, kikundi cha vikoba cha akina mama watano kilipogawana faida, mama alitenga sehemu yake. Alikuwa na jambo moja kichwani: likizo ya Juni ampeleke mtoto kuona wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Wenzake wawili wakakubali kuchangia gari na kuja na watoto wao.

Baba mtu, anayefanya kazi ya kupakua mizigo mpakani Rusumo, hakuafiki.

"Hela hiyo angesoma tuisheni mwezi mzima," alisema. "Halafu ugonjwa wenyewe ulitokea Biharamulo. Wewe unamtoa mtoto hapa unampeleka huko huko?"

Lilikuwa swali la haki, na mama hakulibishia. Kesho yake alifunga kibanda mapema akaenda kumwona muuguzi anayemfahamu tangu kliniki ya uzazi, akamuuliza vilevile alivyoulizwa yeye.

Muuguzi alimweleza kwamba Marburg ina makao yake, nayo ni aina ya popo wala matunda wanaoishi kwa makundi kwenye mapango na migodi iliyoachwa. Binadamu akishaambukizwa, humwambukiza mwenzake kwa kugusana na damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, ndiyo maana waliokuwa kwenye hatari kubwa ni wanaouguza na wanaoosha maiti. Twiga hayumo. Mbuzi wa bibi hayumo. Ugonjwa hutangazwa kumalizika baada ya siku 42 kupita bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana.

Hofu ya baba, hata hivyo, ilikuwa na chanzo. Jina la Marburg linatokana na mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushughulika na nyani wadogo waliosafirishwa kutoka Uganda. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia kwenye pango la popo katika msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda. Mtalii wa Marekani aliyeingia pango hilohilo miezi kadhaa kabla aliugua, akapona. Wote wawili walikuwa wamekwenda matembezi.

"Kwa hiyo nenda," muuguzi alimwambia, "lakini pangoni msiingie, na mzoga msiuguse."

Mama alirudi na maelezo hayo. Baba alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, nendeni." Hakusema zaidi.

Njia ya Benaco

Safari ilianza saa kumi na moja alfajiri, wiki ya pili ya Juni, mvua zikiwa zimekatika. Kutoka Ngara gari lilishika njia ya Benaco, kisha barabara kuu inayotoka Rusumo kuelekea Lusahunga.

Wageni wakipita Benaco leo huona malori, migahawa na vijana wanaouza matunda. Watu wa Ngara huona na kitu kingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi iliyoota Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani. Wakati huo mama wa mtoto huyu alikuwa na miaka minne, na anachokumbuka ni moshi wa kuni kila upande.

Nyakahura walimpakia babu, baba yake mama, mzee wa miaka zaidi ya sabini aliyekuwa akiwasubiri kando ya barabara, amevaa koti na ameshika fimbo. Mzee alizaliwa na kuzeekea Biharamulo, lakini hajawahi hata siku moja kuingia kwenye hifadhi kama mtalii.

"Nilikuwa nawaona bure," alimwambia mjukuu wake. "Leo nalipia."

Hifadhi anayoizungumzia ni changa kwa jina, kongwe kwa ardhi. Burigi-Chato ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba matatu: Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,707, na imegusa wilaya za Biharamulo, Ngara, Muleba, Karagwe na Chato. Kabla ya hapo, mzee anakumbuka, magari yalipita kwenye mapori hayo kwa kusindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Mtu hakuwa akisema anakwenda pale kustarehe.

Getini malipo yalifanyika kwa namba ya malipo kupitia simu, siyo fedha mkononi. Mzazi anayepanga safari hii aweke salio kwenye simu kabisa kabla ya kutoka nyumbani, maana mtandao porini si wa kutegemea. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nje, watoto hulipa pungufu ya wakubwa, na walio chini ya miaka mitano hawalipi.

Jezi ya bluu

Kabla gari halijaingia ndani, askari wa uhifadhi aliyepangiwa kuwaongoza alimtazama mtoto akacheka.

"Kijana, hiyo jezi ya bluu ivue. Mbung'o watakuona kabla hujawaona wao."

Mbung'o hufuata vitu vinavyotembea, hasa gari, na hupenda rangi ya bluu na nyeusi kuliko nyingine. Huuma mchana, na sindano yao hupenya nguo nyepesi. Kando ya njia askari aliwaonyesha vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotundikwa, vimewekwa dawa. Ni mitego ya mbung'o. Mama, kwa macho ya ufundi, alimuuliza ni kitambaa gani na nani hushona. Mtoto alivua jezi, akavaa shati la kaki la binamu yake lililomzidi mikono.

Babu ndiye aliyewaeleza watoto kwa nini mdudu huyo ni wa kuheshimiwa. Mbung'o hueneza malale, ugonjwa ambao usipotibiwa huua. Enzi za Waingereza, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu katika sehemu za Biharamulo na Uzinza, ikawakusanya pamoja kwenye makazi mapya ili kuwaweka mbali na mbung'o. Mashamba yaliachwa, miti ikarudi, wanyama wakafuata.

"Kwa hiyo, wajukuu zangu," alisema mzee, "pori hili lililindwa na inzi kabla ya kulindwa na askari."

Askari hakukasirika. Alicheka na yeye.

Saa nzima ya kwanza watoto waliona vichuguu, miti na vumbi. Kisha ngiri wawili waliokimbia mikia ikiwa juu. Kisha swala pala, kundi zima, wakasimama wakatazama gari kana kwamba wao ndio waliolipa kiingilio. Baada ya hapo kimya tena.

"Babu, wanyama wako wapi?" aliuliza mtoto. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu getini.

Babu alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Alisema walikuwepo wengi. Alisema katika miaka ya tisini watu wenye njaa walikuwa wengi kuliko wanyama, na nyama ya porini ilitembea usiku kutoka huku kwenda kambini. Hakusema nani aliuza na nani alinunua, na mama hakumuuliza. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori, lilitoa ripoti kuhusu nyamapori katika kambi za Kagera na Kigoma, ikionyesha kuwa mgao wa chakula haukuwa na nyama, na mwenye njaa alijitafutia. Wenyeji nao walikuwa wakiwinda muda wote huo.

"Sasa wanarudi," alisema askari. "Wakiachwa, wanarudi."

Twiga watatu walitokea upande wa kulia, karibu na njia, wakila juu ya mgunga. Watoto wengine walipiga kelele hadi wakanyamazishwa. Yule wa Ngara aligandamana na mama yake. Kioo kilikuwa kimefungwa, lakini alifunika pua kwa mkono wa lile shati kubwa.

Alimuuliza askari, kwa sauti ndogo, "Yule ana ugonjwa?"

Askari angeweza kucheka, hakucheka. Alisimamisha gari, akazima injini. "Mimi nawaona kila siku," alisema. "Mnyama wa porini anaweza kuwa na ugonjwa wake, kama mtu. Ndiyo maana hatumshiki, hatumlishi, na akifa hatumgusi. Tunamtazama kutoka hapa. Kutazama hakuambukizi."

Mtoto aliutoa mkono puani. Walikaa pale dakika nyingi, twiga wakila, hakuna aliyesema kitu. Alasiri, kando ya Ziwa Burigi, ndiye aliyewahesabia wenzake vichwa vya viboko majini, akabishana na babu kuwa ni saba na si sita.

Siku ya tisa

Siku tisa baada ya kurudi, jioni, mtoto alitapika. Alipoguswa, mwili ulikuwa wa moto.

Mama hakusubiri asubuhi. Baba alimbeba mtoto, wakapanda bodaboda hadi kituo cha afya. Njia nzima hakuna aliyezungumza. Walipofika mlangoni, baba alimshika mkewe mkono.

"Usiseme mlikuwa Biharamulo," alimwambia. "Watatutenga."

Wazazi wengi wa Kagera wataielewa sentensi hiyo. Mwaka 2023, Marburg ilipozuka kwa mara ya kwanza nchini, huko Bukoba Vijijini, ilithibitika kwa wagonjwa wanane na mmoja akahesabiwa kuwa nao, sita walifariki. Waliofuatiliwa kwa siku 21 wakatoka salama walikuta kazi nyingine ikiwasubiri, ya kurudiwa na majirani. Kuficha safari huonekana njia rahisi ya kuilinda familia.

Mama alisema kila kitu. Alitaja hifadhi, tarehe, mbung'o waliowauma, hata vitafunwa walivyokula.

Muuguzi wa zamu hakukimbia. Aliandika, kisha akauliza: Mliingia pangoni? Hapana. Mligusa mzoga au kula nyamapori? Hapana. Kuna mgonjwa mliyemuuguza au msiba mliohudhuria? Hapana. Alikagua ngozi ya mtoto, shingoni, mikononi na miguuni, akitafuta kidonda au uvimbe pale mbung'o alipouma. Kisha akamtoboa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria.

Kilikuwa na mistari miwili. Ilikuwa malaria.

"Likizo hii mtoto analala wapi?" aliuliza muuguzi.

Wazazi walitazamana. Binamu watatu walikuwa wamekuja kutoka kijijini, na watoto wote walikuwa wakilala kwenye godoro sebuleni. Chandarua cha mtoto kilikuwa kimekunjwa juu ya kabati tangu shule zifungwe.

Ndivyo ilivyo kwa familia nyingi. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, na mbu hahitaji mtu aende hifadhini ndipo amuume. Mtoto alipewa dawa mseto, dozi ya siku tatu. Muuguzi aliongeza sharti: homa isiposhuka ndani ya siku mbili, au ikirudi, warudi mara moja na wakumbushe kuhusu mbung'o, ili apimwe na malale. Haikurudi.

Ya kuzingatia kabla ya safari

Mzazi anayefikiria safari kama hii, iwe Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe au kisiwani Rubondo, ana mambo machache ya kubeba kichwani.

Nguo ziwe za mikono mirefu na suruali ndefu, kitambaa kizito kidogo, rangi ya kaki au ya udongo. Bluu na nyeusi zibaki nyumbani. Vioo vifungwe penye mbung'o. Dawa za kupaka za kufukuza mbu hazimtishi sana mdudu huyu.

Watoto wasilishe nyani hata biskuti moja. Akiuma au kukwaruza mnyama yeyote, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mapango yenye popo yaachwe, hata kama mwenyeji anasema ameyaingia tangu utotoni. Matunda yenye alama za meno yatupwe, mazima yaoshwe. Ziwani wasikanyage maji, kwa sababu ya mamba, viboko na kichocho.

Na mtoto akipata homa wiki chache baada ya safari, apelekwe kupimwa mapema na safari itajwe. Mhudumu wa afya hawezi kutafuta asichoambiwa.

Lingine ni mazungumzo. Tangazo la ugonjwa likisomwa redioni, mtoto naye analisikia, na ataliunga kwa akili yake. Ni vyema aulizwe ameelewa nini.

Kalenda nyuma ya mlango

Wiki iliyofuata mama alikuwa akifagia chumbani alipoona kalenda ya duka iliyotundikwa nyuma ya mlango. Kuanzia siku waliyorudi Burigi, kila tarehe ilikuwa na mstari mdogo wa penseli. Kwenye tarehe ya ishirini na moja, ambayo ilikuwa bado siku nne, palikuwa na duara.

Hakusema kitu. Siku nne baadaye alichungulia tena na kukuta duara limekatwa kwa mistari miwili mizito.

Jioni ile, wakila, baba alimuuliza mtoto ni kweli viboko walikuwa saba. Mtoto akasema saba, babu hakuhesabu vizuri, mmoja alikuwa amezama. Baba akamgeukia mkewe na kuuliza lile gari linachukua watu wangapi, na kama wale wenzake wa vikoba wana mpango wowote wa Desemba.